Bibi yangu na baraza lake la kahawa Ujiji: nimzuie au nifanyeje?

Ticha wa Buzebazeba (Mei 3, 2020)
Wakuu, naombeni mawazo. Nafundisha msingi, shule zimefungwa tangu Machi 17 kwa ajili ya korona, kwa hiyo nipo hapa Ujiji na bibi yangu. Ana miaka 78, kisukari na presha vyote anavyo. Daktari kamkataza kufunga, ila futarini hakosekani.

Kila siku baada ya futari shoga zake watatu wanakuja. Mkeka mmoja, magoti yanagusana. Birika la kahawa linaletwa na vikombe viwili vidogo, na kopo moja la maji ya kusuuzia: akinywa huyu, kinachovywa, anapewa yule. Mmoja anakohoa tangu sijazaliwa. Mwingine sikio moja limekufa, kwa hiyo kila umbea anasemewa sikioni.

Juzi nikaukunja mkeka. Bibi hakunigombeza, na hapo ndipo paliponiuma. Aliingia ndani, kesho yake futari akaonja uji vijiko viwili tu. Na binamu yangu anataka kupanda basi kutoka Dar aje ale Idi hapa.

Mama Nesi
Mwanangu, utandike ule mkeka. Au tuseme mikeka minne. Wakae nje, si sebuleni, kwa kuwa nje hewa inapita na kilichotoka kinywani kinatawanyika. Kati ya mtu na mtu hatua mbili ndefu. Kila mmoja aje na kikombe chake kutoka kwake, mimina wewe mwenyewe. Kusuuza kwenye kopo si kuosha, ni kugawana mate. Weka ndoo ya koki na sabuni mlangoni.

Huyo wa sikio ndiye mtihani. Watapaza sauti, na ukipaza sauti mate yanaruka zaidi, kwa hiyo barakoa ya kitenge wasivue ila wanapokunywa. Anayekohoa abaki kwake kwanza, hata kama ni kifua cha zamani, maana mtajuaje siku kikibadilika? Binamu aahirishe. Dar ndiko wagonjwa wengi walikotangazwa, na mtu anaweza kuwa nao bila hata kupiga chafya. Akija kwa nguvu, chumba chake na sahani yake siku 14.

Mvuvi Kibirizi
Mnamtesa bibi bure. Mpigie nyungu, malimau na tangawizi, halafu wakae wanavyotaka.

Mama Nesi
Tangawizi anywe, ni tamu. Ila mvuke hauui kirusi kilichokwisha ingia mwilini, na mimi nimefunga vidonda vya watu waliomwagikiwa na sufuria ndani ya shuka. Mzee wa miaka 78 usimfunike na maji ya moto.

Dada wa Mwanga
Huyo anayekohoa msimwache hivihivi, atajiona katengwa. Mama yangu na dada yake wana kitochi tu, hawajui bando ni nini. Wanabipu: moja nimeamka salama, mbili nipigie. Vocha unanunua wewe.

Ticha wa Buzebazeba (Mei 11)
Narudisha majibu. Tumehamia chini ya mwembe wa uani, mikeka mitatu, anayekohoa kabaki kwake. Mwenye sikio aligoma siku mbili, akaja ya tatu na kikombe chake cha bati kikubwa kama cha chai, anasema kama ni chake basi ukubwa achague mwenyewe. Barakoa inamshuka kidevuni kila akicheka, hapo sijashinda. Umbea sasa unasemwa kwa sauti, majirani wanausikia wote, hivyo wamepunguza majina, wanasema "yule wa kule". Binamu kanuna lakini kabaki Dar.

Bipu ndiyo kiboko. Anayekohoa anabipu alfajiri, bibi anajibu, wakinikuta na vocha wanaongea mpaka simu inapata moto. Ila jana saa kumi usiku, nakunywa uji wa daku, zikaingia bipu nne. Nne hatukuwahi kupanga. Bibi kashika kifua, mimi nikavaa barakoa nikakimbia hadi dirishani kwa yule bibi, nikaita, "Shikamoo, kuna nini?"

"Marahaba. Mwambie shoga yangu, yule wa kule ameolewa."

Yule wa kule ni nani, simjui. Nimemfikishia. Bibi kacheka mpaka uji wangu ukapoa.