Mama anaungua nyayo usiku, nianze na dokta gani?

mwana_kadutu
Bandugu, jambo yenu bote. Niko na mama yangu hapa Bukavu, anakaribia miaka 60, siku hizi nyayo zinamuungua sana, zaidi usiku, anatupa blanketi anaenda kusimama bila biatu ku simenti njo anapata nafuu kidogo. Muchana tena miguu iko na ganzi. Juzi alitembea na musumari mu sandali toka nyumbani mpaka ku soko, hakusikia kitu, ni mutoto njo aliona damu. Sasa kila mutu na yake: jirani anasema ni rimatisme nitafute rimatologi, shangazi anasema ni mishipa nitafute nerologi, mwengine anasema moyo haisukumi damu basi kardiologi, na ku kanisa bamesha sema ni karuho, ile sumu banamutilia mutu. Kila spesialisti ni fishi na dola, sitaweza kuzunguka kwa bote. Nianze na nani?

yaya wa Ndosho
Pole ndugu. Ya karuho achana nayo, utamaliza feza ku dawa za miti na mama atabaki vile. Niambie tu: anakunywa maji mingi? anaamuka usiku kukojoa kila mara? Baba mukubwa wangu ilimuanzia vile vile ku nyayo, ilikuwa sukari.

infirmiye_bagira
Mbele ya dokta yoyote, ile musumari. Mupeleke leo leo ku santi ya sante ya karibu basafishe kidonda na baangalie kama anahitaji sindano ya tetanosi, juu muguu yenye haisikii inaweza kuoza na mwenyewe iko anapiga stori na majirani.

Kisha usianze na spesialisti wa kiungo kimoja. Tafuta internisti, yaani dokta wa medsini enterni. Yee njo anaangalia mutu muzima, sukari, tansyo (presha), figo, damu, halafu yee njo anaandika karatasi ya kukutuma kwa mwengine ikiomba. Kuungua vile mara mingi ni mishipa ya fahamu ya miguu njo imeharibika, shangazi hajakosea sana, lakini chenye kiliharibu kiko fasi ingine: sukari njo ya kwanza, kuko pombe ya kila siku, kuko kukosa vitamini B12, kuko isoniazidi ya dawa za kifua kikuu (njo maana wagonjwa ba TB banapewa na vitamini B6). Nerologi naye ataanza kuomba glisemi (kipimo cha sukari mu damu), na utakuwa umelipa bei ya spesialisti juu ya tone moja ya damu ya kidole. Glisemi ya asubuhi bila kula, ikifika 126 mg/dL ao kupita barudie siku ingine, ikirudi vile ni diabeti. Rimatologi ni wa magoti na vidole bikivimba, bikikauka asubuhi. Na muguu yenye inakosa damu inakuwa baridi, inauma akitembea, akisimama inatulia, haifanane na ya mama.

mwana wa Kenya (komini ya Lubumbashi)
Infirmiye unasema kweli lakini internisti biko bangapi? Huku kwetu unaamukia ku mustari na giza, unamuona saa saba. Jeneralisti wa kartye pia anajua kupima sukari bwana! Kwangu mie aende hapo kwanza. Na ikipatikana ni sukari musichanganye badokta: figo zikichoka ni nefrologi, yee ni wa dawa na dialize (kusafisha damu na mashine), urologi ni wa kupasua, mawe mu njia ya mukojo, prostati ya bazee. Na muuza lunete haiko oftalmologi, dokta wa macho, hata akivaa blusi nyeupe.

infirmiye_bagira
Sawa, jeneralisti anaweza kuanza, sibishi. Ya macho ni ya kweli kabisa, mwenye sukari anaangaliwa ndani ya jicho kila mwaka hata kama anasoma Biblia bila lunete. Na kama mutaenda ku hopitali ya Panzi usiogope ukizani ni ya bamama ba kuzaa tu. Watu banaijua kwa Dokta Mukwege, yee ni jinekologi na alipata Nobel 2018, lakini kuko medsini enterni, kuko na serivisi ya batoto.

mwana_kadutu
Aksanti sana. Kweli usiku anaamuka kukojoa, yee anasema ni uzee. Tunaenda santi sasa hivi, glisemi kesho. Chai bila sukari anaweza kunywa mbele ya kupima?

infirmiye_bagira
Hapana, maji tu, na asikule kitu masaa 8 mbele ya kupima. Kama iko na dawa ya tansyo aimeze na maji kama kawaida. Tia dawa zake zote mu sasheti mumuonyeshe dokta, na zile za miti pia, musifiche.