Ng'ombe wa Masisi wakipita njiani: tupige picha bila kuomba?

Mwanzisha mada, Ndosho

Ndugu zangu wa Goma, leteni mawazo. Siku hizi mtu akikuta kundi la ng'ombe linateremka kutoka milima ya Masisi, jirani na mji wetu, simu imeshatoka mfukoni. Pembe ndefu, vumbi jeusi la volkano, vijana wenye fimbo mabegani: picha inapendeza, sikatai. Je, ni halali kuipiga na kuiweka mtandaoni bila kumwomba mchungaji?

Mimi nakataa. Kwa mtu wa Masisi ng'ombe ndiye akiba, ndiye karo, ndiye mahari. Katika vita ya 1993, na tena 1996, makundi mazima yaliporwa, na wizi wa ng'ombe haujakoma. Picha yenye jina la mahali inamwonyesha mwizi kundi liko wapi na linalindwa na vijana wangapi. Wazee hawakupenda mifugo yao ihesabiwe hadharani. Sisi tunawahesabia dunia nzima.

Tena, anayeombwa awe nani? Wengi wanaoswaga ng'ombe si wenye mali. Tajiri anakaa mtaa wa Himbi hapa mjini, au Kinshasa, kijana ni kibarua wake. Tajiri akiona kundi limepigwa picha mahali alipokataza lisipite, atakayefukuzwa ni kijana. Na huyo kijana, mbele ya mtu wa mjini mwenye kamera kubwa, mara nyingi anacheka tu kwa kuwa haoni namna ya kukataa. Kicheko hicho tusikiite ruhusa. Tusalimie kwanza, tueleze picha inaenda wapi, tungoje jibu. Ng'ombe ni wa tajiri, lakini sura ni ya kijana.

Droni ndiyo mbaya zaidi. Ng'ombe wanatimka mtelemkoni, na watu waliopitia vita hii ya waasi wa M23 wakisikia mlio ule angani wanatafuta pa kujificha.

Mpiga picha, Himbi

Mzee, nakusalimu kwa heshima, lakini barabara ya Sake ni ya watu wote. Nikisimamisha kundi ili niombe ruhusa, malori yatafanya nini? Miaka yote hii picha zinazotoka kwetu ni za kambi na bunduki. Nikionyesha kijana anayeongoza kundi zima kwa mluzi, nimemdhuru nani? Na ng'ombe wakiporwa kesho, mwenye mali atathibitisha kwa kitu gani kwamba walikuwepo? Picha ni ushahidi, na mnataka kuuzima.

Mama muuza maziwa, Katindo

Mwanangu, hakuna aliyekuambia usimamishe ng'ombe. Watangulie, uwakute wanapokunywa maji, ukae nao, uombe hapo. Mtoto wa dada yangu alipigwa picha akichunga; baadaye tukaiona kwenye kalenda ukutani mwa ofisi moja hapa mjini. Hakupewa hata nakala. Mama yake aliipenda mno ile picha, akaomba wamwachie kalenda mwaka ukiisha. Walikataa.

Mwanzisha mada, Ndosho

Asante, mama. Kijana wangu wa Himbi, kuhusu ushahidi una haki, nakubali. Basi picha hiyo mpe mwenye ng'ombe aitunze. Ushahidi hauhitaji kupendwa na watu elfu mtandaoni. Ukitaka kuonyesha uzuri wa Masisi, ngoja kundi lihame, ufiche jina la kilima, ndipo uweke. Tena tangu 2023 hapa Kongo tuna Sheria ya Kidijitali inayolinda data za mtu binafsi, na sura ya mtu ni miongoni mwake, iwe barabarani au nyumbani.

Linalonisumbua bado ni pesa. Waendesha chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wamepigwa picha hapa Goma miaka na miaka, na sijaona aliyegawiwa chochote. Picha ya mchungaji ikiuzwa, naona apate sehemu yake, na ipelekwe mkononi mwake, isipitie kwa tajiri. Ninyi mnaopiga picha kwa kazi, mnakubali kulipa? Na mnaochunga, mngependa kulipwa, au mngependa tu kuachwa mpite?