Tupeane uzoefu: ulisoma kitu darasani kikakukumbusha chakula cha msibani kwenu?

Mtoto wa Mikindani:
Wakuu habari za jioni. Niko chuo hapa Mtwara, semista hii tuna somo la maadili, ticha katupa makaratasi ya kusoma kuhusu chakula na mazishi. Humo kuna kisa kaandika Herodotus, yule Mgiriki wa zamani, kwamba Darius mfalme wa Uajemi aliwaita Wagiriki akawauliza niwape hela ngapi mle maiti za baba zenu, wakasema hata utupe nini hatuli. Akawaita Wakallatia, watu wa India ambao wao ndo walikuwa wanawala wazazi wao wakifa, akawauliza na nyie niwape ngapi muwachome moto kama Wagiriki wanavyofanya, wakapiga kelele asirudie tena hayo maneno. Darasa zima tukacheka.

Usiku geto nikakumbuka msiba wa marehemu mzee. Ilikuwa mwezi wa kumi korosho ndo zinadondoka, watu wamejaa uani siku tatu, mchana pilau usiku wali nyama, na kinacholiwa kinatoka kwetu wafiwa. Bamdogo ndo msimamizi, hela ya ubani imeisha siku ya pili, akamwita mtu wa kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa magendo. Korosho tulizokuwa tunasubiria mnada zikapimwa kwa bakuli la jikoni kwetu, usiku, nyuma ya banda, mama yuko ndani kaanza eda hana habari. Tochi nilishika mimi. Kesho yake ile pilau nilikula na ilikuwa tamu kweli, hapo ndo panaponiuma. Yaani mzee tulimla, sema alipitia kwenye korosho.

Nyie wenzangu mlisoma nini?

Binti wa Nachingwea:
Pole sana kaka. Kidini tumeigeuza wenyewe, Jafar bin Abi Talib alipouawa vita vya Muuta, Mtume (s.a.w.) alisema watu wa Jafar ndo wapikiwe maana wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Sa hivi mfiwa anapikia kijiji kizima na akipunguza nyama anasemwa. Bibi anasema zamani kwetu kila nyumba ilikuwa inakuja na unga wake wa muhogo na mzigo wa kuni, mfiwa hajui hata chumvi imetoka wapi.

Mnewala Original:
Mimi cha kwangu si cha msiba mnisamehe. Rumeti wangu mtu wa Bukoba, siku mama kanitumia panya wakavu waliobanikwa vizuri kabisa, jamaa akatoka nje kwenda kutapika, akahamia kwa jirani siku mbili. Mwezi wa kumi na moja huyo huyo kaletewa senene ndoo nzima, anatafuna mbele yangu huku tunajadili hicho hicho kisa cha Darius kwa ajili ya mtihani. Nilimwangalia tu. Akasema "nini?"

Kaka wa Chikongola:
Sisi tulipewa Peter Singer wa Australia, anasema mnyama anaumia kama sisi kwahiyo nyama tuache. Nikanyoosha mkono nikamuuliza ticha mimi nyama nakula Idd na msibani, niache ipi? Mpaka leo hajanijibu.

Nesi Lindi:
Mimi nilipokuwa nasomea uuguzi tulisoma Wafore wa Papua New Guinea, walikuwa wanawala marehemu wao kwa mapenzi kabisa sio kwa njaa, wakapata ugonjwa unaitwa kuru, mtu anatetemeka anashindwa kutembea mwisho anakufa, na waliokufa zaidi ni wanawake na watoto maana ubongo ndo walikuwa wanakula wao. Miaka ya 1950 serikali ikapiga marufuku. Wenzangu wakawa wanasema watu wajinga hawa, mimi kimya, namuwaza bibi yangu.

Kwetu kulikuwa na kipindupindu, bwana afya kaja msibani kasema hakuna kupika, watu wazike waondoke. Bibi kaona katukanwa yeye na marehemu wake. "Wageni niwape nini, mate?" Akabeba mafiga matatu akajifungia bafuni lile la makuti, akainjika muhogo. Moshi ukamtoa. Bwana afya kamwaga sufuria lote mbele za watu, na bibi alilia kuliko alivyolia makaburini. Bwana afya alikuwa sahihi, mimi leo ningemwaga vile vile, lakini nisingemwaga mbele za watu.

Mzee wa Uraka:
Nimekaa paleee nasoma. Ila mtoa mada, mama alikuja kujua?

Mtoto wa Mikindani:
Alijua kabla ya arobaini. Aliingia stoo akakuta sakafu. Hakuuliza mtu, akachukua ufagio akazoa zile zilizomwagika pembeni, zikajaa bakuli moja, lile lile. Akazichoma akabangua mwenyewe, siku ya hitma akawatolea wageni kwenye sahani. Bamdogo ndo alikuwa wa kwanza kuchota.