Mtambo wa oksijeni Lamu: chembe zikiwa ndogo ndiyo bora?

Mwana wa Shela: Jana barazani tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mimi nasema hospitali iache kungoja mitungi ivushwe kwa boti kutoka Mokowe, inunue mtambo wa kupasua maji kwa umeme. Na kichocheo chake, ile dutu inayoharakisha maji kupasuka, kiwe cha chembe ndogo kabisa. Ukipunguza kipenyo mara 10, uzito uleule unakupa eneo la uso mara 10. Ni kama nazi: ikikunwa mapandemapande, kama wafanyavyo mtaa wa Langoni, tui halitoki.

Binti Langoni: Langoni tena! Kakangu, umewahi kukalia mbuzi wewe? Nazi ikikunwa unga inapenya kwenye kifumbu, wali mzima unakuwa chicha. Laini ina kiasi chake.

Ami Mkomani: Jamani, hospitali nyingi hazipasui maji. Zinachuja hewa tu: zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo, inashika nitrojeni, oksijeni inapita.

Mwana wa Shela: Dadangu, sikutukana mtu. Ila biriani ya harusi ile ya mwezi jana tuliila wote.

Binti Langoni: Ukarudia sahani mara ngapi?

Fundi wa Mokowe: Bibie ametoboa jambo bila kukusudia. Mitambo ya kupasua maji yenye utando wa tindikali hutumia oksidi ya iridi, metali adimu, kwenye anodi, yaani upande wa chanya, maana metali nyingi pale zinaliwa. Oksidi ya ruteni, metali nyingine, inaharakisha kazi zaidi, lakini inayeyuka upesi. Sasa chembe ya nanomita 2, yaani sehemu mbili za bilioni za mita, atomi zake nyingi ziko juujuu na pembezoni, hazina majirani wa kuzishika. Zinachomoka, au chembe zenyewe zinagandana na kuwa kubwa. Ndiyo hiyo nazi iliyopita kifumbuni. Tena ukisikia "ndogo ina kasi", uliza: kwa kila gramu, au kwa kila eneo la uso? Kwa gramu huenda ikashinda, kwa eneo ikashindwa.

Mwana wa Shela: Fundi, mimi kemia nimeisoma, usinifundishe kama mtoto wa chuoni.

Fundi wa Mokowe: Uliyasoma maji, hukuyasoma matone. Nijibu swali la gramu.

Kijana wa Faza: Kwani maji ya bahari yana nini? Tumezungukwa nayo, bure.

Ami Mkomani: Mwanangu, skuli tulichonga penseli mbili ncha zote, tukazichovya kwenye kopo la maji ya bahari, betri ya volti 9. Mapovu kweli yalitoka. Lakini upande wa chanya kulinuka kama dawa ya kufulia nguo nyeupe, macho yakawasha, na penseli ikamomonyoka mpaka maji yakawa meusi. Ile ni klorini, si ya kumvutisha mgonjwa. Maji yawe safi kabisa: kilo 9 zinatoa oksijeni kilo 8, na haidrojeni kilo 1. Hiyo haidrojeni nayo mtaiweka wapi, nyumba zetu zilivyobanana hivi?

Mwana wa Shela: Bado nasema Langoni hawajui nazi.

Binti Langoni: Fundi, Ijumaa karibu kwetu chakula cha mchana. Mwana wa Shela aje na mbuzi yake, nazi nitamtolea mimi.

Fundi wa Mokowe: Nitafika. Lakini swali la gramu bado halijajibiwa.