Nyumba ya Mama, Wete: marumaru zisubiri

Salum: Assalaam alaykum nyote. Kuta za bafu la mvuke la mama zishakauka, na marumaru zimefika jana kwa meli. Fundi anaanza kubandika kesho asubuhi.

Zuhura: Waalaykum salaam. Alhamdulillah! Mie tokea lile sufuria la mkaratusi limmwagikie mama mguuni roho yangu haijatulia. Kujifukiza kwa blanketi na jiko pembeni, basi tena.

Kaka Makame: Waalaykum salaam. Salum, kuta umezipaka nini?

Salum: Plasta ya saruji, kaka, imesuguliwa vizuri. Juu yake marumaru, na grauti ya kujazia mianya baina yake. Si marumaru haziingizi maji?

Kaka Makame: Marumaru yenyewe haiingizi. Grauti inaingiza, na plasta iliyo nyuma inakunywa. Mdogo wangu, nakuomba sana, kesho isibandikwe hata moja.

Salum: Fundi nishampa nusu ya pesa yake, kaka.

Kaka Makame: Pesa haijapotea, ana kazi nyingine ya kufanya kwanza. Wewe umepita mara ngapi kiwanda cha makonyo ya karafuu pale Wawi? Mvuke ule unaingia mpaka ndani ya kikonyo kikavu na kutoka na mafuta. Sasa grauti itauzuia? Maji ya kuoga yanateremka, yanatafuta tundu la kutokea. Mvuke unakwenda juu na pembeni, kila penye upenyo. Ukifika nyuma ya marumaru ukakuta ubaridi, unageuka maji na yanakaa hapo hapo. Na upande wa pili wa ukuta ule ndipo kilipo kitanda cha mama.

Ma Mdogo Asha: Makame anasema kweli. Bafu letu la juu lilivuja, nikawa napaka rangi ukuta wa sebuleni, nikipaka unafura, nikipaka unafura. Siku walipobandua marumaru tukakuta saruji nyuma imekuwa nyeusi na inanuka. Na lile lilikuwa la maji tu, halikuwa la mvuke.

Salum: Basi n'ambie nifanyeje.

Kaka Makame: Unataka utando wa kuzuia maji, ukae juu ya plasta na chini ya marumaru. Upo wa kupaka kwa brashi na upo wa kubandika kama karatasi nzito. Lakini soma kopo kabla hujalipa: iandikwe kuwa unafaa chumba cha mvuke. Dawa nyingi za bafu la kawaida zinazuia maji lakini mvuke zinauachia. Sakafu, kuta zote, benchi na dari, pasibaki pahala. Kwenye pembe na kila bomba linapotokeza, tia kitambaa chake kwanza, maana hapo ndipo panapopasuka. Ukiwa wa kupaka, koti la kwanza likauke, la pili lipite kwa kukingamana na la kwanza.

Kaka Makame: Na dari umeifanya ya nini?

Salum: Jipsamu. Imenyooka sawasawa, nimeipima kwa pimamaji.

Kaka Makame: Itoe, Salum. Jipsamu ikilowa inalainika. Weka bodi ya saruji, na usiinyooshe. Ishuke inchi 2 kwa kila futi 1, ielekee ukuta wa nyuma. Dari iliyonyooka inadondosha matone, na matone yale ni ya moto, yatamwangukia mama kichwani. Ikiwa na mteremko, maji yanafuata dari mpaka ukutani.

Ami Haji: Nawasoma hapa Unguja. Nendeni mkaangalie Kidichi. Hamamu ile Sayyid Said alimjengea mkewe Muajemi, Shehrzade, mwaka 1850, na juu ina kuba. Kwenye kuba maji hayana pa kuning'inia, yanateremka na ukuta. Kila nikipeleka wageni pale nasimama nikatazama juu.

Kaka Makame: Ndiyo hiyo hiyo, Ami. Sisi kuba hatuwezi, mteremko tunauweza.

Zuhura: Na umeme? Mashine ile ya kutoa mvuke haitomaliza yuniti za mama?

Kaka Makame: Chumba chenyewe ni futi 4 kwa 3, urefu 7. Mashine ya kilowati 5 inatosha. Ikiwaka dakika 20 inakula chini kidogo ya yuniti 2. Ninachokiogopa ni waya. Kilowati 5 kwa volti 230 ni karibu ampea 22, kwa hiyo iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, na swichi ya kukata umeme ukivuja. Mashine ikae nje ya bafu. Mdomo wa mvuke uwe chini, mbali na miguu ya mama. Mlango usukumwe kwa nje, usiwe na komeo.

Zuhura: Na kwa presha yake namuuliza daktari kwanza akae dakika ngapi. Hilo niachieni mie.

Mama: Makame mwanangu, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia. Majani yangu ya mchaichai nitayatia wapi?

Kaka Makame: Shikamoo mama. Kwenye mashine usitie kitu, yataiziba. Nitakutengenezea kikombe mbele ya mdomo wa mvuke, majani yakae hapo.

Mama: Marahaba baba. Harufu itatoka?

Kaka Makame: Itatoka, mama.

*Siku tisa baadaye*

Salum: Utando ushapakwa makoti mawili na umekauka. Jana nimeziba tundu la sakafuni, nikajaza maji kupima kama utando unavuja, nikapiga mstari wa penseli kama ulivyosema. Leo yameshuka karibu inchi nzima 😔

Kaka Makame: Hayo hayakukauka kwa hewa, yamepita. Angalia utando unapokutana na tundu la kutolea maji.

Salum: Ni hapo hapo. Pana mwanya, kijiti cha kiberiti kinaingia.

Ma Mdogo Asha: Ya Rabbi, na marumaru zingekuwa zishakaa juu yake!

Kaka Makame: Pakaushe, patie kitambaa na dawa upya, kisha ujaze tena saa 24. Usiharakishe.

*Jumapili*

Salum: Saa 24 zimetimia. Picha hii hapa. Maji yako kwenye mstari ule ule.

Zuhura: 🤲🤲

Kaka Makame: Nimeona. Sasa mwite fundi. Aanze ukuta wa nyuma, na kwenye pembe zote asitie grauti, atie silikoni.

Salum: Anakuja kesho saa 2 asubuhi. Mama keshaanza kuchuma mchaichai.