Mrejesho: kile kikoti cha reflekta chenye taa

Wakuu nimerudi. Niliwauliza kama kikoti cha reflekta chenye taa kinasaidia au ni mbwembwe tu, maana napiga boda hapa Tanga na usiku nafika mpaka Pongwe, saa nyingine Muheza. Basi nimenunua, wiki ya tatu sasa.

Kile cha kawaida haking'ai mpaka taa ya gari ikupige, sasa gari likichomoka njia ya pembeni taa zake hazijakufikia we ni giza tupu, ila hiki kinawaka chenyewe. Juzi Pongwe lori la mkonge linataka kuingia barabarani, dereva akashika breki akachungulia, "oya, we mti wa Krismasi!" Nikacheka, ila si kaniona.

Kasoro sasa. Abiria akikaa nyuma anaziba taa zote za mgongoni (hili hakuna aliyenitahadharisha, asanteni sana 😂), nimempa fundi cherehani ahamishie mkanda mmoja mabegani. Kijiboksi cha betri kinaogopa mvua, nakifunga na kimfuko cha nailoni. Chaji ni kama ya simu, taa zikiwa za kuwakawaka inadumu zaidi. Mama watoto anasema nisikivue hata sebuleni, umeme ukikatika tunakitumia.