Nashona haraka kuliko jirani kwa kila kitu. Kubadilishana naye kazi kuna faida?

Fundi Sare: Habari zenu wakuu. Nashona sare za shule. Shati linanichukua saa moja, sketi ya marinda masaa mawili. Dada wa kibanda cha pili kazi yake safi ila ni mzito: shati masaa matatu (kola inamtesa sana), sketi nayo matatu. Oda za Januari zimeanza kuingia, akanijia: "Dada, nikushonee sketi mbili, wewe unishonee mashati matatu." Mume wangu anasema huko ni kumbeba tu, maana vyote nashona haraka kumliko. Naombeni ushauri.

Mpiga Hesabu: Dada, kubali. Sketi mbili ungezishona kwa masaa manne. Mashati yake matatu yatakula matatu tu, umeokoa saa nzima. Yeye atatumia masaa sita kwenye sketi, na mashati hayo yangemla tisa. Usiangalie nani ana mkono mwepesi, angalia unaacha nini. Kila sketi unayoshona imekunyima mashati mawili. Yeye sketi inamnyima shati moja tu. Kwa hiyo sketi za kwake ni rahisi kuliko zako, ingawa anazishona polepole. Ila akija kudai mashati mawili kwa sketi moja, hapo huna faida, shona mwenyewe.

Ticha wa Uchumi: Hili David Ricardo, mwanauchumi wa Uingereza, alilieleza mwaka 1817. Katika mfano wake, Ureno ilihitaji watu 90 kwa mwaka kutengeneza nguo na 80 kutengeneza divai. Uingereza 100 na 120. Ureno ilikuwa mbele kwa vyote viwili, bado ilipata zaidi kwa kutoa divai na kuchukua nguo za Uingereza.

Fundi Sare: Nimeelewa. Je, niache sketi moja kwa moja?

Mpemba Halisi: Usiache kabisa, dada yangu. Sisi Zanzibar tuliegemea karafuu, mchele tukaagiza nje. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, wanaotia karafuu kwenye sigara zao. Wakapanda mikarafuu yao, na miaka ya 1980 bei ikaanguka vibaya. Wazee wetu waliumia. Badilishaneni, lakini mkono wako usisahau marinda.

Mama Ovaloki: Mimi nawaza kazi yenyewe. Kata vitambaa vyote wewe, kutoka jora moja, rangi zisije zikapishana. Kubalianeni mapema uzi ni wa nani, na marinda yakikaa upande nani anafumua. Mwenye shule hamjui yeye, anakujua wewe.

Fundi Sare: Asanteni sana. Nitaanza kwa kumpa sketi nne, nione marinda yanavyokaa yakishapigwa pasi. Yakiwa sawa, nampa oda yote ya sketi na mimi nabaki na mashati.